Mstaafu, Jangwa na Nyumba Yenye Usukani

Umestaafu. Ujana wako wote umeumalizia Minnesota ukikwangua barafu kwenye kioo cha gari, watoto wamehama, na daktari amekushauri upumzike. Basi uza nyumba yenye msingi ununue nyumba yenye usukani: urefu mita kumi na kitu, choo ndani, jiko la gesi, na televisheni kubwa ya kutazamia vipindi vya jangwa huku jangwa lenyewe liko nje ya dirisha. Afrika Mashariki mtu akipokea kiinua mgongo hufuga kuku. Kuku wanakufa kwa mdondo, mzee anasikitika wiki mbili, kisha anapumzika kweli. Wewe hutapata bahati hiyo, maana gari halifi. Linaharibika tu, kidogokidogo, kila siku kipande kipya.

Kuhusu leseni usihofu. Majimbo mengi ya Marekani hayadai leseni maalumu kwa gari-nyumba lisilozidi tani 12 hivi. Mtu aliyeendesha kigari cha kwenda sokoni maisha yake yote anakabidhiwa funguo za kitu cha ukubwa wa basi la mkoani, anapewa mkono wa pongezi, na anaingia barabara kuu. Ukiwa na miaka 62 na ni raia au mkaazi wa kudumu, lipa dola 80 upate pasi ya wazee ya hifadhi za taifa, halali mpaka kufa. Ni bei nafuu mno. Utaitaja kwa kila mtu utakayekutana naye, hasa pale unapojaza mafuta, kwa sababu gari lako linakunywa lita 30 hivi kwa kila kilomita 100 na unahitaji kitu cha kujiliwaza.

Elekea Quartzsite, Arizona. Ni mji mdogo ambao majira ya baridi hufurika magari-nyumba hadi jangwa linalouzunguka ling'ae kwa paneli za sola. Serikali imetenga maeneo ya kukaa muda mrefu kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, nawe umekuja kutafuta upweke na ukimya. Ukishapata eneo tupu lisilo na mwisho, egesha hatua ishirini kutoka kwa jirani. Jenereta yake ikinguruma, mlaani kimoyomoyo. Kisha washa yako.

Hapo mjini ukazuru kaburi la Haji Ali, Mwarabu aliyeletwa mwaka 1856 kulitunza kundi la ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu jangwani. Wenyeji walimwita Hi Jolly, na mwaka 1935 kaburi lake lilijengewa piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Jeshi liliachana na ngamia wale. Mimi naona lilikosea: ngamia haombi mafuta, hana betri, na mambo yake ya haja anayamaliza mwenyewe bila kumhusisha mwenye mali.

Wewe unahusishwa. Chini ya sakafu yako kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la tatu. Sheria ya tangi la tatu ni kwamba koki yake ifungwe mpaka lijae vya kutosha. Mstaafu anayejiona mjanja huiacha wazi ili mambo yajiendee yenyewe. Maji huenda, mengine hubaki, yakakauka na kuinuka humo ndani kama kichuguu. Kipimo cha ukutani usikiamini, kwa kuwa karatasi ikishagandia kinasema tangi limejaa hata kama ulilimwaga jana. Siku ya kumwaga ikifika, panga foleni na wazee wenzako, vaa glovu, unganisha mpira, ukaze, ukaze tena, na hapo tu ufungue koki ya tangi la choo. La sinki lifuate ili lisuuze mpira. Ukigeuza mpangilio huo, utapata marafiki wachache. Watu hukaa hapo wakipeana ushauri kwa upole wa ajabu. Mameneja na majaji wa zamani, wote wameinama.

Sasa ndoa. Mmeoana miaka arobaini na mnadhani mnajuana. Subiri mwanzo wa kurudi rivasi. Mzee yuko kwenye usukani, mkewe amesimama nyuma kama utingo, naye utingo huyu hakuzoea kupiga bodi makofi.

"Njoo, njoo, lala kushoto. Kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa kushoto, Baba!"

Kisha kimya, kwa sababu mkeo amesogea kuangalia ua, na wewe humwoni kwenye kioo cha pembeni. Wataalamu wanashauri mtumie redio za mkononi. Siziungi mkono. Redio zinaiwezesha kambi nzima kusikia kwa ufasaha kile ambacho awali ilikisia tu.

Ugomvi wa pili utaletwa na saa. Jumapili ya pili ya Machi Marekani husogeza saa mbele, ila Arizona haisogezi. Ila ardhi ya Wanavajo, ndani ya Arizona, husogeza. Ila ardhi ya Wahopi, ndani ya ardhi ya Wanavajo, haisogezi. Ukiikata nchi hiyo kutoka magharibi hadi mashariki, utachelewa chakula cha mchana, utakiwahi, na utakichelewa tena, na dawa za presha hazitajua zimezwe lini.

Baada ya saa, maua. Mnakwenda kuyatazama, sivyo? Maua ya jangwa hutegemea mvua zilizonyesha vuli na kipupwe kwa kiasi na mpangilio wake, kwa hiyo ni busara kulipia kambi miezi sita kabla mtu yeyote hajajua kama yatachanua. Death Valley ilifunikwa na maua ya manjano mwaka 2005 na 2016. Mwaka wako utakuwa mwingine. Yakikosekana, nenda Borrego Springs, California, ukapige picha joka la chuma la Ricardo Breceda lililojengwa kana kwamba linapita chini ya barabara. Hilo halitegemei mvua. Ukiona dungusi laini lenye manyoya, likikuvutia kulishika, hilo ni cholla, na vipande vyake hung'oka na kukuganda mwilini kwa mguso tu. Tembea na kitana cha kuving'oa, hata kama una upara. Dungusi la saguaro liheshimu kwa sababu nyingine: mkono wake wa kwanza huenda ukachipua likiwa na miaka 50 hadi 75, umri ule ule ambao mabega yako yalianza kukataa.

Alasiri upepo wa machipuko utapanda. Turubai la kivuli likunje kabla, si baada, maana baada huwa liko kwa jirani.

Ondoka kabla joto halijaingia. Furnace Creek, ndani ya Death Valley, ilirekodi nyuzi 56.7 mwezi Julai 1913, na kiyoyozi chako hakijawahi hata kukaribia hapo. Asubuhi ya safari zunguka gari na orodha mkononi: antena imeshuka, ngazi imeingia, vyumba vya ubavuni vilivyochomozwa vimerudi ndani, mpira umefunguliwa, mke yumo. Hilo la mwisho wengi hulikadiria kwa sauti ya mlango. Kama umefika mji wa Kingman ndipo unagundua kwamba mlango ule ulifungwa na mtu anayetoka, usipoteze muda kumpigia. Simu yake iko kitandani, kwenye chaji.