Dumu Lililovimba Chimala

Asubuhi hii nimetoa mbegu ya pesheni ndani ya sikio langu la kushoto. Nimeoga mara tatu tangu jana. Shati la yule mzee halitatakata kamwe, na mimi basi la alfajiri la Mbeya kwenda Iringa silipandi tena, hata wakinibeba bure.

Nilikuwa nampelekea mama mkwe juisi. Lita tano za pesheni na tangawizi, haikutiwa sukari, haikuchemshwa, imekamuliwa kwa mikono hii. Zahanati walimwambia apunguze soda, nami nikaona nafasi ya kung'ara ukweni. Pesheni nilizinunua soko la Mwanjelwa, nikachagua zilizokunjamana kama uso wa mtu anayedai, maana ndizo tamu. Tangawizi niliitwanga na maganda yake, kwa kuwa nilisikia nguvu iko kwenye ganda. Iko kweli.

Safari ikaahirishwa siku mbili. Umeme nao ukakatika siku hizo hizo, dumu likalala jikoni. Sikujali. Mbeya mwezi wa Julai, mwenye friji na asiye na friji ni ndugu.

Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishapita Uyole na Igurusi, barabara inakuteremsha bonde la Usangu, na kufika Chimala abiria wote wanavua masweta. Dumu langu halikuwa na sweta la kuvua. Lilikuwa miguuni pangu, karibu na injini, linapashwa joto juu na chini.

"Mama," akasema mtoto wa kiti cha pili, "dumu la mjomba linanenepa."

Nikatazama. Dumu lilikuwa limevimba kama chura aliyetukanwa. Chini pameumuka, halisimami wima tena.

"Kaka, litoe hewa," akashauri mama yake. Nyuma yangu mtu akasema nisifungue, mwingine akasema nifungue taratibu. Mzee wa pembeni, shati jeupe lililopigwa pasi ya msibani, hakusema kitu. Nadhani alikuwa na imani na mimi.

Nilizungusha mfuniko nusu mzunguko. Nusu ya pili ulijizungusha wenyewe.

Sikuwahi kujua kwamba dari ya basi ina mteremko. Povu la rangi ya chungwa liligonga juu, likafuata mteremko huo hadi viti vya mbele, likadondoka polepole pamoja na mbegu zake, moja baada ya nyingine, kwenye vichwa vya watu waliolipa nauli kama mimi. Mzee alifumba macho. Basi zima kimya. Kisha harufu ikatembea.

"Nani kapanda na ulanzi?" kondakta akauliza.

"Ulanzi Julai?" mtu akambishia. "Msimu si umeshapita?"

Ukazuka mjadala mrefu wa wapi ulanzi unaweza kupatikana kiangazi, wengine wakiuliza kwa nia njema kabisa. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Ni juisi," nikasema. Walicheka. "Juisi ya afya," nikaongeza, na hapo nikawa nimejimaliza mwenyewe.

Sasa nieleze, maana kuanzia Igawa hadi Makambako sikuzungumza na mtu, nilibaki na akili yangu tu. Kila tunda linatoka shambani na hamira yake. Ni vijidudu wasioonekana, wanaishi juu ya ganda, na tunda likiwa zima wanakaa nje ya mlango huku sukari iko ndani. Ukikamua, umewafungulia ghala. Wanakula sukari, wanatoa vitu viwili: pombe, na kaboni dioksidi, gesi ile ile inayokuchoma puani ukinywa soda. Baridi inawatia uzembe, joto linawaita kazini. Ganda la tangawizi ndiyo makazi yao hasa. Ng'ambo kuna watu huloweka tangawizi isiyomenywa makusudi ili vinywaji vyao vipate mapovu. Mimi nilitia chachu kwa mkono wangu, nikaifunga kwa mfuniko, nikaisafirisha hadi kwenye joto. Karne ya 19 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba uchachukaji huu ni kazi ya viumbe hai, na kwamba moto wa wastani tu unawatuliza. Walioniambia nisichemshe, kwamba moto unapunguza vitamini C, walisema kweli. Walisahau tu kuniambia kwamba vitamini ingefika Iringa ikiwa darini.

Tena kondakta hakukosea sana. Ulanzi wenyewe unapatikanaje? Wakati wa mvua mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukachanjwa asubuhi na jioni, utomvu ukadondokea koponi. Ukinywewa papo hapo ni togwa, hata mtoto anapewa. Ukilala, unaamka ulanzi. Hakuna anayetia hamira. Hamira imo kwenye mwanzi, hewani na koponi. Wahehe wanalijua hilo tangu zamani, na hakuna mtu Iringa anayefunga ulanzi mchanga kwa mfuniko wa kukaza.

 

Mafinga watu waliposhuka kuchimba dawa, nilimnunulia mzee juisi ya pakiti kumwomba radhi. Akaisoma kwa sauti: "Ladha ya embe." Ladha! Nikakumbuka vikao viwili vya lishe nilivyowahi kukaa mkoani Iringa, pakiti kama hiyo mbele ya kila kiti. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu watoto 57 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Mkoa wa mahindi, maharage na parachichi! Sisemi juisi ingewarefusha. Ila parachichi zuri linapanda lori la baridi kwenda ng'ambo, la madoa linabaki sokoni, mama anaonyeshwa tunda kwenye bango la zahanati, na sisi wajumbe tunafyonza ladha kwa mrija.

Jioni nilifika Kihesa, Iringa mjini, nikiwa na dumu nusu. "Kamwene," akanisalimu mama mkwe. Nikasimama mbali, na safari hii haikuwa heshima ya ukweni tu.

"Baba, umekunywa?"

Nilimweleza yote. Akauliza pesheni ngapi zimeingia humo. Kama themanini, nikasema.

"Ungeniletea themanini nitafune, ningezimaliza?"

Sikuwa na jibu. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2015: sukari ya juisi inahesabiwa kundi moja na ya soda. Tena nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio nawe unameza matunda mengi bila kutafuna. Chujio langu lilibaki Mbeya.

Akamimina kidogo kikombeni, akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Akamwita jirani.

Leo nimeaga, nimechukua dumu ili nikalioshe bombani.

"Hilo liache hapa," akasema. "Na usilioshe."