Kausha Damu, Mwunga Udugu

Watu hawana shukrani. Mkopo wa kwenye simu, unaokubaliwa usiku wa manane kwa dakika tatu, bila mdhamini, bila hati ya nyumba, bila barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wameubatiza kausha damu. Mimi nimeishi nao miezi saba, na leo nasimama kuusifu. Damu iliyobaki inatosha kwa kazi hiyo.

Unafundisha hesabu. Niliomba 100,000, zikaingia 75,000, nikatakiwa nirudishe 105,000 ndani ya siku saba. Asilimia 40 kwa wiki. Ukiiacha itembee mwaka mzima ni asilimia 2,080. Mwalimu wangu wa darasa la sita alinichapa miezi kumi na miwili na asilimia sikuielewa. Unafundisha pia kuamka mapema, maana wadai hupiga saa kumi na mbili kamili. Unafundisha kufunga, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Haya madogo.

Sifa yake kuu ni kuunga udugu. Siku ya kuipakua, programu iliniomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yangu, nami, kama bwana harusi mbele ya kadhi, nikakubali haraka. Asubuhi ya siku ya nane, watu 312 wakapata habari zangu. Mjomba wa Kigoma, ambaye hatujasemezana tangu ugomvi wa shamba la migomba, alipiga kabla ya chai. Fundi friji, niliyemtafuta miezi miwili akawa hapatikani, siku hiyo alipatikana. Binti niliyetaka kumchumbia mwaka 2009 aliniandikia kwamba anamshukuru Mungu. Sikuuliza kwa lipi. Hata namba niliyoihifadhi kwa jina la "Usipokee" ilipiga, nikapokea, tukajuliana hali vizuri tu. Kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limelala tangu arobaini ya babu. Likaamka. Ikawekwa picha yangu, na kwa mara ya kwanza ukoo wetu ukajadili ajenda moja bila kutoka nje ya mada. Azimio la Arusha la 1967 lilihangaika kutufanya wajamaa. Nani alijua kwamba kilichokuwa kinakosekana ni kitufe cha kukubali?

Lakini mama, hapana. Mama ana miaka 71 na presha. Aliandikiwa kwamba mwanawe ni mwizi na kwamba yeye ndiye mdhamini. Hakusaini chochote. Hiyo programu hajui hata inafananaje. Akauza mbuzi wawili, kwa deni ambalo 25,000 zake sikuwahi kuzishika. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wadogo: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, 75,000 zangu kwa siku saba zingezaa kama shilingi 600. Nilitozwa 30,000, na sehemu kubwa wanaiita ada ya huduma. Huduma gani? Kumliza mama? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, ikazipiga marufuku. Yangu ilibadili jina na rangi, ikanitumia salamu za mwaka mpya.

Mniwie radhi. Nilikuwa nasifu.

Imebaki sifa moja, nayo ni stara: kausha damu humsitiri bosi. Msomaji atajiuliza mtu mwenye ajira, mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, anakopa elfu sabini na tano usiku wa manane kwa nini. Mkataba wangu unasema mshahara ni tarehe 28. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi alipwe siku waliyokubaliana. Kazini kwetu tuna kalenda yetu, na ndani yake iko tarehe 50 Agosti. Ukiuliza, unaambiwa vumilia kidogo, hapa sisi ni familia. Familia! Wakati huo familia yangu yenyewe iko WhatsApp inanichangia.

Jamani, mtu anayekaa na pesa yako wiki tatu amekukopa. Hakuomba, hakukatwa ada, hakuruhusu mtu asome majina kwenye simu yake. Mimi nachukua kausha damu ili niweze kuendelea kumkopesha yeye. Hata nauli ya daladala ya kumpelekea mwili wangu kila asubuhi nimeikopa. Na wadai wakipiga saa za kazi, ofisa utumishi ananiita pembeni kunionya kwamba madeni yangu yanaichafua ofisi. Ananionya kwa upole, akiwa na jedwali la mishahara mezani, halijasainiwa. Mkurugenzi yuko safarini. Hakuna programu hata moja iliyowahi kumwandikia mama wa mkurugenzi.

Mshahara wangu wa Agosti uliingia tarehe 19 Septemba, kiasi kilekile cha kwenye mkataba, bila shilingi moja ya riba.