Ugali Uliokosa Barua

Mkazi,
Dandora, Nairobi.

Kwa Waziri,
Wizara ya Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu,
Upper Hill, Nairobi.

Nakala: Hazina ya Kitaifa, mashirika yote ya ndege yanayotua Embakasi.

KUH: BARUA YA IDHINI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Eastlands, hasa kutoka kwa wapishi. Ninakuandikia kukupongeza kwa kutoandika. Wengine husifiwa kwa vitabu, hotuba na ripoti walizotoa. Wizara yako itakumbukwa kwa barua moja ambayo haikutolewa, na barua hiyo imefanya kazi kubwa kuliko makongamano mengi tuliyoyaandaa katika jiji hili, chai na mandazi juu yake.

Kwa faida ya wasomaji wanaopikia gesi ya mtungi mkubwa, nieleze kisa kidogo. Kwa miaka kadhaa, katika maduka ya mitaa yetu, kulikuwa na mashine ya kampuni iitwayo KOKO, imesimama kama mteja aliyekuja kukopa. Mama anakuja na mkebe wake, anauchomeka kwenye mashine, analipa kwa simu, mkebe unajaa ethanoli, anarudi nyumbani kusonga ugali. Hata mwenye vijisenti alihudumiwa, na hapo ndipo watu waliponasa. Huku kwetu bajeti ya jikoni hupangwa kwa mlo, si kwa mwezi. Mtungi wa gesi unataka pesa nyingi kwa mpigo. Makaa hununuliwa kwa mkebe, nayo ethanoli ikaingia papo hapo kwenye mkebe, ikafika katika kaya zaidi ya milioni moja nchini.

Jiko na mafuta yake viliuzwa chini ya gharama. Wengi walidhani ni huruma. La, tulikuwa tunauzwa. Kila sufuria iliyochemka bila makaa ilihesabiwa kuwa kiasi fulani cha kaboni ambacho hakikupanda angani, kikaandikiwa hati, na hati ikatafutiwa mnunuzi. Mnunuzi aliyesubiriwa kwa hamu ni shirika la ndege, kwa kuwa kuna mpango wa kimataifa uitwao CORSIA unaoyataka mashirika ya ndege kufidia uchafuzi wa safari zao za nje unaozidi kiwango kilichowekwa. Yaani ile ndege inayopita juu ya mtaa wa Utawala ikishuka Embakasi, ikitikisa madirisha hadi mtoto aliyelazwa kwa taabu anaamka, ilikuwa isafishiwe dhambi zake na mama aliye chini yake anayekoroga maharagwe. Sina ugomvi na mpango huo. Kuuzwa tumezoea, kilichotupa moyo ni kwamba safari hii bei ilishuka upande wetu.

Kumbe hati hizo hazinunuliwi na ndege bila barua ya idhini kutoka kwa serikali ya nchi zinakotoka. Serikali inakubali kwa maandishi kwamba kaboni iliyouzwa haitaihesabu tena katika ahadi zake yenyewe. Barua hiyo ndiyo haikuja. Mwishoni mwa Januari 2026 kampuni ikafunga, wafanyakazi wapatao 700 wakaenda nyumbani, na mashine zikazimwa.

Tumesikia utetezi wa serikali, na mimi si mtu wa kupinga kila kitu. Mlisema haiwezekani kampuni moja imeze mgao wa nchi nzima. Ni hoja. Kenya imeiahidi dunia kupunguza hewa chafu kwa asilimia 32 kufikia mwaka 2030, na tukiuza kila kilichopunguzwa jikoni, mkienda mikutanoni mtaonyesha nini? Tena mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza, kwa jumla, ilitia chumvi hesabu ya kaboni takriban mara tisa. Ugali mmoja umeliwa mara tisa! Sisi tulioupika tulikula mara moja, tena na sukuma pekee. Kwa hiyo kama mlikuwa mnakagua vitabu, kagueni hadi mchoke, nitawashikia tochi. Ila jiko halikagui vitabu, Mheshimiwa. Jiko linataka mafuta saa kumi na mbili jioni.

Waliojipanga ni wenye mtaji. Machi 2025, MIGA, ambalo ni shirika la bima katika familia ya Benki ya Dunia, lilitangaza dhamana ya karibu dola milioni 180 kuwakinga wawekezaji wa mradi huo dhidi ya hatari za kisiasa. Hatari yenyewe ya kisiasa ni nyinyi, msikasirike. Mwenye pesa akijua anashughulika na serikali hukata bima kwanza, kisha ndipo anasalimia. Mama wa Kayole hakujua kwamba yumo katika biashara na serikali. Alidhani anachemsha chai. Mkebe wake haukuwa na bima. Wala mwenye duka aliyeondoa gunia la viazi ili mashine ipate pa kukaa.

Kuna watu wabaya wanaodai kwamba serikali yetu ni goigoi wa karatasi. Huo ni uchochezi, na Embakasi tunaweza kutoa ushahidi. Usiku wa Februari 1, 2024, kituo cha kujaza gesi kililipuka katika mtaa wa Mradi, kikaua watu na kujeruhi mamia. Baadaye ikabainika kwamba kituo hicho kilichosongamana na nyumba za watu kilikuwa na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, tangu Februari 2023, ilhali mamlaka ya kawi, EPRA, ilikuwa imeyakataa maombi yake si mara moja. Wizara ikawasimamisha kazi maafisa wanne. Basi barua zinapatikana. Zinategemea nani anazitafuta.

Mimi mwenyewe ni mtu wa makaa tangu zamani na jiko lile sikulinunua, kwa hiyo siandiki kwa uchungu wa mkebe. Ninaandika kama mtu aliyekaa foleni ya makaa na kuona ikirefuka. Wamo waliokuwa wakinicheka, wameshika karai kwa aibu, wanauliza mkebe siku hizi ni pesa ngapi na kushtuka. Na ninakumbuka tulivyofikishwa hapa. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa Kitui, nayo serikali kuu ikafunga misitu ya umma kwa wakata mbao. Tukakimbilia mafuta ya taa. Mwaka huo huo mafuta ya taa yakawekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, eti yanachanganywa na dizeli na matapeli. Tapeli akatafuta njia nyingine, bili tukalipa sisi. Tukageukia gesi. Julai 2021 gesi ikatozwa VAT ya asilimia 16, ikapunguzwa mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa 2023, mwaka ambao pia marufuku ya ukataji miti iliondolewa. Kila mlango tuliougonga tulimkuta mtu wa Hazina ameshika daftari. Mlango pekee ambao hakuwepo ni ule wa mwenye makaa, kwa sababu yeye hatoi risiti.

Na makaa hayo yanatoka wapi? Sehemu yake ni migunga ya ukanda mkavu, kule Kitui na Kajiado, miti inayokua polepole na kukatwa usiku. Mgunga hauna habari na CORSIA. Haukualikwa kwenye mazungumzo, haukuambiwa kwamba uhai wake umewekwa rehani kwenye sahihi moja ya Upper Hill. Nyinyi mna lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, lengo zuri, nami nimepanda wangu. Lakini gunia moja likishuka Dandora alfajiri, nashindwa kujua mti wangu umefidia kipande kipi.

Katika kutafuta kiumbe wa Afrika aliyefanikiwa katika soko hili la fedha za mazingira, nimempata kifaru. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliuza hati fungani ya dola milioni 150 kwa ajili ya vifaru weusi wa Afrika Kusini: vifaru wakiongezeka, mwekezaji anapata malipo ya ziada. Nimeisoma habari hiyo kwa wivu. Sisi Eastlands tunaongezeka kila mwaka, bila hati fungani, bila askari wa wanyamapori, bila hata maji ya mfereji ya kutegemewa, na hakuna mwekezaji aliyepata senti kwa bidii yetu. Tungependa kujua tulikosea fomu gani.

Wanyamapori tunao, usidhani hatuna. Njoo uone marabou wa jaa la Dandora, ndege mrefu mwenye upara na mwendo wa mheshimiwa aliyestaafu, anavyotembea kati ya moshi na malori akichagua mfuko wa kufungua. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado linapokea taka kila siku. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu hapa hapa Gigiri, lilipima watoto 328 waishio karibu nalo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru jaa lihamishwe ndani ya miezi sita. Marabou hawakukata rufaa. Wameendelea na kazi.

Sasa hapa ndipo akili yangu ya mtaani inapokwama, na ningeomba mtaalamu wako anisaidie. Soko hili humlipa aliyekuwa akichafua akaacha, au aliyekuwa karibu kuchafua akazuiwa. Asiyechafua hana cha kuacha. Jirani yangu hutembea kwa miguu kutoka Dandora hadi Industrial Area kwenda kibarua, akirudi jioni vumbi limemfika magotini. Hajawahi kulipwa hata ndururu kwa gari ambalo hana. Angalikuwa nalo, akaliuza, akaanza kutembea, pengine leo angekuwa na mradi, nembo na mshauri kutoka Ulaya. Mtoto anayevuta moshi wa jaa naye hana hati, maana moshi si wake. Kitu pekee tulichokuwa nacho cha kuuza ni makaa ambayo hatukuyachoma, na hicho ndicho kilichokosa barua.

Sisemi pesa hazipo. Septemba 2023 mliwaalika wakuu wa Afrika pale KICC kwa mkutano wa tabianchi, Rais akaja akiendesha mwenyewe kigari kidogo cha umeme, na mwisho wake zikatangazwa ahadi za dola bilioni 23. Tulishangilia kutoka mbali, kwa kuwa barabara zilifungwa. Miezi saba baadaye mvua ikaja. Mto Nairobi na mto Mathare ikaingia vyumbani usiku, na maji yalipopungua zikaja tingatinga kumalizia nyumba zilizobaki kandokando ya mto. Kila familia iliyofurushwa ikaahidiwa shilingi 10,000. Kisha Mei 10, 2024, ikatangazwa sikukuu ya kitaifa ya kuwaomboleza waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti, yote kwa siku moja ili tusipoteze muda. Nimejaribu kufuata njia ya zile bilioni 23 hadi kwenye hizi elfu kumi, nimepotelea Harambee Avenue.

Na Hazina, kwa kuwa nakala inakufikia: tunakumbuka pia ulivyojaribu kuokoa mazingira kwa Mswada wa Fedha wa 2024, uliokuja na ushuru wa mazingira, nepi za watoto zikiwemo. Mpango wa taifa wa tabianchi uligharimiwa dola bilioni 62, asilimia 87 ikitarajiwa kutoka nje. Asilimia 13 ni yetu. Hatukujua kwamba itaanzia kwenye nepi. Maandamano yaliyofuata Juni mwaka ule unayajua, sitayarudia.

Nije kwenye ombi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, inasema mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama, na usiokuwa wa ardhi asilimia 25. Sisi hatuna ardhi, tuko ghorofa ya tano na landilodi hataki hata tuweke mche wa nyanya kwenye baraza. Tutachukua ile 25. Kampuni nyingine ikija kutuuza, na haikosi kuja, tunaomba mambo yasemwe mapema: mgao wa nchi ni tani ngapi, nani amepewa, kwa bei gani, na bima ikikatwa, mkebe nao uandikwe humo. Hesabu za kaboni zibandikwe dukani, pale panapobandikwa majina ya wadeni, ili mpishi akiona sufuria yake imeandikwa mara tisa aseme mwenyewe.

Na kama ile barua ya kwanza ilichelewa tu kwa kukosa wa kuichapa, yuko kijana wa saiba hapa stejini. Anatoza shilingi kumi ukurasa, ishirini ukitaka rangi. Anafungua saa moja asubuhi, na stima ikipotea ana jenereta, ingawa hiyo sijui mtaihesabu vipi.

Wako mtiifu,
Mtu wa Makaa.