Chambo cha Mkwe

Fedheha iliyonipata Ijumaa iliyopita baada ya sala, mbele ya baba mkwe aliyekuja kutoka Nyamisati na wazee wawili aliofuatana nao, ingali inaniwasha masikio hata sasa ninapoandika. Kwani si jambo dogo mtu kumwandalia mkwewe sinia la wali wa nazi na mchuzi wa ngisi, akamkaribisha kwa taadhima yote aliyofunzwa utotoni, kisha mzee yule, aliyevua katika delta ya Rufiji tangu kabla sijazaliwa, akatia vidole mchuzini na kuinua polepole, mbele ya hadhira, ndoana.

"Mwanangu," akasema, "umekusudia kunivua?"

Ngisi wale walikuwa chambo. Shemeji yangu, yaani mwana wa mzee yuyo huyo, aliwakata vipande akawatia katika kopo la aiskrimu, akaliweka ndani ya friza baina ya makopo mengine ya aiskrimu ambayo, kama ilivyo katika kila nyumba ninayoijua hapa Kibiti, hayana aiskrimu abadani: hili lina maharage, lile kisamvu, na lile kubwa lenye picha ya vanila limehifadhi mchuzi wa Idi. Ama ndoana, anadai aliitia humo makusudi, isipotee.

Mke wangu ndiye aliyeamuru kwamba kiporo hakitupwi, maana israfu ni dhambi, na kwa hoja hiyo sina jawabu. Lakini hikima ya friza yafaa ifahamike. Watu wengi hudhani kuwa baridi huua vijidudu. Hasha! Hata katika nyuzi 18 chini ya sifuri wengi wao husita tu kuzaliana, na joto likirejea wanaendelea na shughuli zao pale walipoishia. Maji yaliyomo katika chakula hugeuka fuwele za barafu, na kadiri yanavyoganda polepole ndivyo fuwele zinavyokua na kutoboa kuta za chembe hai, ndiyo sababu nyanya iliyoganda ikiyeyuka hulegea na kuvuja. Tui nalo, ambalo ni mafuta na maji waliooana kwa shida, barafu huwapa talaka, na usipolikoroga sana juu ya moto mdogo hawarudiani. Wali ni wa ajabu zaidi, kwa kuwa wanga wake hukakamaa upesi katika ubaridi wa kadiri wa jokofu kuliko katika baridi kali ya friza. Na lililo kubwa kuliko yote, harufu ni mvuke, na baridi huuzuia mvuke usipae, hata pua ya mtu mwenye akili timamu isiweze kubainisha kitoweo na chambo. Nilipowachemsha ngisi harufu ilijitokeza, lakini ukwaju na ndimu zikaificha.

Kisa cha maharage yaliyokuwa hina ya bibi arusi, nakipita. Cha chapati zilizotenganishwa kwa shoka, kadhalika.

Nisilolipita ni umeme. Mto huu wa Rufiji, kule juu kwenye bwawa la Julius Nyerere, una mitambo 9 ya kuzungusha, kila mmoja una uwezo wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Kisha maji yale yale hupita chini ya Daraja la Mkapa yakaja kumwagika katika mikoko yetu, nasi tunayatazama gizani. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalipoingia mashambani, maji hayakukatika hata saa moja. Hilo silicheki.

Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa huweza kutunza baridi kwa muda wa siku mbili, lakini nani atawazuia watoto wasiifungue kila mara kutazama kama barafu ingalipo? Juzi umeme ulipokatika tangu magharibi, ilipofika saa nne za usiku mchuzi wa Idi ulikuwa umeanza kuyeyuka, basi tukawasha mkaa, tukapika kila kilichokuwamo, tukawaita majirani, ikawa karamu isiyo na bwana arusi wala marehemu. Jirani mmoja, alipokwisha kunawa, alinishukuru kwa adabu nyingi, akauliza umeme unatazamiwa kukatika tena lini.