Mwacheni Muhogo Wangu

Tangu jirani yangu hapa Mabibo anunue simu kubwa, mtaani hatuli kwa raha. Alianza na chumvi, akahamia kwenye sukari, sasa kaufikia muhogo. Nipo na sahani yangu ya mihogo ya kukaanga, kachumbari pembeni, kaja kusimama mbele yangu: "Baba, hiyo inapoozesha miguu!" Mama muuza akamtazama kama mgambo aliyefuata ushuru.

Kinachoniudhi ni kwamba hakudanganya, ila kasema nusu. Ugonjwa upo, unaitwa konzo. Ulizuka Tarime mwaka 1985, baadaye ukaonekana Mtwara na Ruvuma. Mtu aliyekuwa mzima miguu inakakamaa ghafla, na ugonjwa hauna dawa. Wanaoumia zaidi ni watoto na kina mama. Sumu yenyewe ni sayanaidi ya muhogo mchungu.

Lakini muhogo mchungu umelisha vizazi, kwa sababu bibi zetu waliuvundika siku kadhaa hadi sumu ikatoka. Balaa huja na ukame: muhogo unazidi ukali, ghala jeupe, watoto wanalia. Nani atasubiri siku tatu? Unatwangwa leo, unaanikwa leo, kesho ni ugali. Halafu mwili una namna yake ya kuzima sayanaidi, ila unahitaji protini: maharage, samaki, nyama. Asiye na kitoweo hana kinga. Sumu hii inajua nyumba ya kubisha hodi, na si ya mwenye friji.

Sasa jirani, mwenye friji na samaki ndani yake, ananihurumia mimi na mihogo mitamu ya Mabibo! Yeye huyo huyo kila jioni anachoma mifuko ya plastiki nyuma ya choo, moshi wote chumbani kwangu. Nikilalamika, anasema anafukuza mbu. Watafiti wameshaweka hewa chafu kwenye orodha ya vitu vinavyoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Hilo kwenye simu yake halijafika.

Ukiwa na ndugu kijijini anayekula unga wa muhogo mchungu, mpigie umwambie hivi: aloweshe unga kwa maji, autandaze mwembamba, aache saa mbili juani au tano kivulini, ndipo asonge ugali siku hiyo hiyo. Na maharage yasikose. Huo ndio ujumbe wa kusambaza kwenye magrupu. Mimi niacheni nile.