Sifa za Moshi, Muungwana Asiyeweka Sahihi

Kwetu mtu husifiwa akishafukiwa. Hapo ndipo majirani hugundua kwamba marehemu alikuwa mkarimu, na waliokuwa wakimdai hukumbuka kuwa alilipa. Mimi nimeona nisingoje. Kuna mkazi mmoja wa Makurunge ninayetaka kumsifu angali hai, maana kwa jinsi tunavyoishi naye, nachelea kwamba yeye ndiye atakayesimama kusoma wasifu wangu. Jina lake ni Moshi.

Adabu ya sifa ni kuanza na ukoo. Moshi ni mtoto wa Moto, lakini hata wahenga walimtanguliza mtoto kabla ya baba: palipo na moshi pana moto. Wajomba zake ni Udi na Ubani, watu wa heshima zao, hawaingii nyumba ya mtu ila wamebebwa kwenye chetezo, na bila wao harusi ya Bagamoyo haina harufu ya harusi. Chini ya Mlima Kilimanjaro kuna mji mzima unaoitwa kwa jina lake. Wajuzi wa Kichaga watanibishia juu ya asili ya jina hilo, nami nitawaambia kuwa sifa si mahakama.

Malezi aliyapata huku kwetu. Makurunge ipo nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, pale inapoanzia barabara ya kwenda Saadani na Pangani. Mapori ya iliyokuwa ranchi ya RAZABA, ranchi ya Zanzibar iliyokuwa na ng'ombe wake huku Bara, yakaja kuwa shamba la wachoma mkaa baada ya ng'ombe kuondoka. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye tanuri lake, kwa hiyo nikimsifu Moshi nalipa deni. Madaftari yangu ya kidato cha kwanza yalikuwa na harufu yake.

Tanuri halitaki pupa. Magogo hupangwa, yakafunikwa majani, yakafukiwa kwa udongo, moto ukatiwa, na mdomo ukazibwa ili kuni ziungue pasipo kuwaka. Likitoboka usiku na mlinzi amelala, asubuhi utakuta majivu. Basi mjomba alilala pembeni siku kwa siku, akimsoma Moshi kama mganga asomavyo ramli. Akiwa mweupe na mzito, ni maji ya mti yanatoka. Akiwa wa manjano, anayekwaruza koo na kutoa machozi, ni utomvu na lami. Akigeuka buluu, mwembamba kama uzi, mkaa umeiva, lete koleo. Kwa tanuri la udongo, kilo nane za kuni, hata kumi, huzaa kilo moja ya mkaa. Wataalamu huita huo upotevu. Hawajaona sahani ya Moshi: kinachokosekana kwenye gunia karibu chote kimekwenda kwake. Mtoto aliyelishwa hivyo angekosaje kunenepa?

Akishakomaa, kama vijana wote wa Pwani, huhamia Dar es Salaam. Husafiri usiku juu ya pikipiki, amejificha ndani ya magunia ya lumbesa, akapita Mapinga, Bunju na Tegeta wakati wakaguzi wa misitu na wao wanatafuta mahali pa kunywa chai. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Dar es Salaam peke yake inatumia karibu nusu ya mkaa wa nchi nzima. Sisi huku tunampokea Moshi wa kwanza, wale kule wanampokea wa pili. Mti mmoja, moshi mara mbili. Mazao gani mengine ya Pwani yanavunwa hivyo?

Mjini hakai kijiweni. Alfajiri yumo uani, taka za jana zikichomwa pamoja na chupa za plastiki na nepi. Saa moja yuko nyuma ya daladala inayopanda mlima kwa kukohoa. Mchana hulinda dampo la Pugu Kinyamwezi. Jioni humkuta kwenye chipsi na mishikaki, na umeme ukikatika hushika zamu ya usiku kwenye jenereta. Vijana wangapi wa mjini wana ajira tano?

Wako wanaomsifu Moshi kwa usawa, eti hewa haina tajiri wala maskini. Hiyo ni sifa ya uongo, nami simpambi mtu kwa uongo. Moshi anajua itifaki. Akifika kwenye foleni ya Ubungo na kukuta gari lenye vioo vilivyopandishwa na kiyoyozi kinachovuma, hupiga hodi mara moja, asipofunguliwa anaondoka zake. Kwa muuza karanga anayekatiza kati ya magari hapigi hodi. Wala kwa trafiki, wala kwa konda aliyening'inia mlangoni, wala kwa mama lishe aliyeinamia jiko. Kwa mtoto aliyebebwa mgongoni na mama huyo hupita kabisa bila viatu, kama mwenyeji.

Na ukubwa wote huo haujampa kiburi. Tunayemwona kwa macho, yule mweusi wa bomba la lori, ni tarishi tu. Mwenyewe ni chembechembe za upana wa mikromita 2.5 na chini ya hapo. Unywele mmoja wa kichwa umezizidi kwa upana mara thelathini hivi. Pua haiwezi kuzizuia wala kikohozi hakizifukuzi. Hushuka hadi vifuko vya hewa vya mwisho vya mapafu, na nyingine zikavuka zikaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachovumilika cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila meta ya ujazo ya hewa, wastani wa mwaka. Mwaka uliofuata likatangaza kwamba watu 99 katika kila 100 duniani wanavuta hewa isiyokidhi viwango vyake. Mgeni gani mwingine amekaribishwa na asilimia 99 ya binadamu bila kadi ya mwaliko?

Lakini yote hayo ni utangulizi. Sifa kuu ya Moshi, inayomweka juu ya wauaji wote, ni kwamba haweki sahihi.

Simba akiua, watu huona nyayo. Kipindupindu kikiua, kibandiko huwekwa mlangoni. Moshi hufanya kazi yake, kisha humwachia mwenzake jina. Kwa mtoto mchanga humwachia nimonia. Kwa baba wa miaka hamsini humwachia presha na kiharusi. Kwa wengine moyo, kwa wengine saratani ya mapafu, kwa wengine kifua tu, lile neno letu linalomaliza mazungumzo yote. Shirika hilohilo la Afya hukadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa ndani na wa nje, unachukua watu wapatao milioni saba kila mwaka. Sasa nenda makaburini, kuanzia Makurunge hadi Kinondoni, unitafutie mmoja tu ambaye ndugu zake watakwambia, "Huyu tulimzika kwa moshi."

Bibi yangu mzaa mama nilimpeleka zahanati moja, jina lake nalisitiri, kwa kikohozi kilichokaa naye toka masika hadi masika. Muuguzi alikuwa binti mpole. Akafungua kadi, akauliza kwa adabu:

"Bibi, unavuta sigara?"

"Sijapata kuionja, mjukuu wangu."

"Hata ujanani?"

"Ujanani nilivuta jiko. Mpaka leo navuta."

Binti akacheka, Bibi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kwenye kadi akaandika: Sigara — hapana. Hakuwa na kosa. Kadi haina mstari wa jiko.

Usidhani kuwa Moshi huyaachia jina maradhi peke yake. Huko Usukumani, wajane waliopika maisha yao yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya vibanda visivyo na dirisha walipata macho mekundu. Moshi aliyatia rangi, kisha akatoka nje kupunga upepo. Watu wakayaona yale macho wakasema, huyu mchawi. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa Mwanza na Shinyanga walikatwa mapanga kwa ushahidi huo. Aliyeyapaka yale macho rangi hakuitwa hata kutoa maelezo polisi. Hapa, wasomaji, hata mimi msifu najikuta nimeinamisha kichwa, na si kwa heshima.

Nchi za wenzetu nazo anazijua. Kuanzia Desemba 5 hadi 9, 1952, alikaa London, mzaliwa wa makaa ya mawe aliyejichanganya na ukungu wa majira ya baridi, mpaka watu wakawa wanatembea kwa kupapasa kuta. Inasimuliwa kwamba waliotangulia kushtuka ni wauza majeneza na wauza maua, kwa kuwa bidhaa ziliwaishia. Hesabu za kwanza zilisema wamekufa watu 4,000. Watafiti wa baadaye wakafikia 12,000. Vifo vilivyoendelea wiki zilizofuata, serikali yao ilivisukumia kwa mafua. Naye Moshi, kwa unyenyekevu wake, hakukanusha. Ilichukua hadi 1956 kupata Sheria ya Hewa Safi.

Mara moja tu nimesikia kalamu imemfikia. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa msichana wa miaka tisa mwenye pumu, akiishi karibu na barabara ya South Circular, kusini-mashariki mwa London, barabara isiyolala kwa magari. Alilazwa hospitali mara zaidi ya ishirini kabla ya kufariki Februari 2013. Uchunguzi wa kwanza ulisema ni kushindwa kupumua, kana kwamba kupumua ni mtihani na mtoto hakusoma. Mama yake, Rosamund, alikataa kuifunga ile faili. Alipambana hadi uchunguzi ukafanywa upya, na Desemba 2020 afisa mchunguzi wa vifo akatamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kumuua. Ikaandikwa. Cheti kimoja, baada ya miaka saba ya mama mmoja kutolala.

Sasa niwajibu wapinzani wake, maana hakuna mwenye sifa asiye na husuda. Mwaka 2006 Serikali ilipiga mkaa marufuku. Marufuku ikazimika kabla ya jiko. Mwishoni mwa Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zikatakiwa ziachane na kuni na mkaa. Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris juu ya nishati safi ya kupikia Afrika, na nchi ina mkakati wa kufikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hao ni maadui wazito, sitawadharau.

Lakini Moshi anajua biashara kuliko wote hao. Mtungi wa gesi umefika mpaka kwetu. Katika nyumba nyingi umekaa sebuleni karibu na televisheni, umevishwa kitambaa cha kufuma. Ulikuja bure, umejaa, na picha zikapigwa. Uliisha baada ya wiki chache, na kuujaza kunataka fedha za mkupuo mmoja, wakati mkaa unauzwa kwa kopo. Gesi huuzwa jumla, Moshi huuzwa rejareja, na mfuko wa Makurunge haujawahi kuwa wa jumla. Halafu kuna maharage. Nani atapika maharage ya saa tatu kwa gesi ya kuhesabu? Na mjomba, siku matanuri yatakapozimwa, ada ya mtoto wake wa mwisho itatoka pori gani? Anayetaka kumshinda Moshi aanze hapo, kwenye kopo na kwenye ada. Asianze kwenye jukwaa.

Lakini ninapomvulia kofia hasa ni kwenye ile sifa kuu, ya kutoweka sahihi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu amewageuza: kifo chenyewe ndicho kinachomficha.

Basi Mheshimiwa Moshi, nimemaliza sifa, nina ombi dogo. Bibi hakuufikia mfungo uliofuata. Tulimwosha, tukamkafini, tukafukiza ubani wa wajomba zako, na wageni walipouliza alikuwa akiumwa nini, tulijibu, "Uzee tu." Mjomba alijibu hivyo. Mimi nilijibu hivyo, kwa sauti ileile iliyosomeshwa na tanuri. Jioni yake wanawake waliwasha kuni uani kupikia waombolezaji, nawe ukaja, ukaketi nasi kama ndugu wa marehemu. Kila aliyefuta machozi tulimhesabia ni majonzi.

Kadi yake ya zahanati ninayo. Imekunjika pembeni na ina doa la chai, lakini maandishi ya yule binti bado yanasomeka: Sigara — hapana. Chini yake pamebaki nafasi ya mstari mmoja. Kalamu hii hapa. Sahihi yako tu, Mheshimiwa, hata kwa dole gumba. Masizi unayo mwenyewe.