Vidonge vya Mama Mkwe

Karatasi ya amlodipini ilikutwa chini ya kochi, imetafunwa, na vidonge sita vilivyokuwa vimebaki havipo. Mama mkwe aliigeuzageuza mkononi, akaketi. Simba, mbwa wetu wa kilo 12, amejilaza mlangoni anatutazama kama siku zote. Hapo ubishi ukaanza. Shemeji anasema mbwa mzima huyo, tusihangaike. Jirani kaja na maziwa. Mwingine anataka anyweshwe maji ya chumvi atapike.

Mke wangu ndiye aliyempigia daktari wa mifugo, na jibu likaja kali: msimpe chochote, chumvi nyingi nayo inaua mbwa, mleteni sasa hivi na hiyo karatasi mje nayo. Tukampakia kwenye bajaji. Mama mkwe naye akapanda, hakutaka kusikia habari ya kubaki.

Daktari alianza na karatasi. Miligramu 5 kila kidonge. Sita, jumla 30. Mbwa akiandikiwa dawa hii kwa ajili ya presha hupewa robo ya miligramu kwa kila kilo, au pungufu. Simba alikuwa amekula kama mara kumi ya hapo. Alikuwa bado anatembea kwa sababu amlodipini huingia taratibu. Kwa mbwa hufikia kilele katika damu baada ya saa sita hivi. Ule utulivu wa mlangoni ndio ungetuponza.

Sindano ya kutapisha ikatoa vipande vyeupe na vijikaratasi vinavyong'aa, kisha akanyweshwa mkaa wa dawa. Lakini nyingine ilikwisha kupita. Usiku ulipoingia, miguu ya nyuma ikagoma. Daktari akaweka vidole ndani ya paja, juu ya mshipa mkubwa, akaniambia na mimi niguse. Mapigo yalikuwa ya haraka mno, tena membamba. Ukikandamiza kidogo tu, yanapotea.

Mama mkwe akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: "Daktari, hii si dawa ya kushusha? Mbona moyo unakwenda mbio?"

"Dawa haijaukimbiza, mama. Moyo unajitetea."

Kuta za ateri zina misuli, na misuli hiyo hukaza kalisiamu inapoingia ndani ya seli zake. Amlodipini huziba milango ya kalisiamu. Kwa mama mkwe, mishipa iliyokaza hulegea kiasi, damu ikapita bila kusukumwa kwa nguvu nyingi. Kwa Simba ililegea yote kwa mpigo: damu ni ile ile, njia zimepanuka, presha imeporomoka, na moyo unakimbia kufidia. Kibaya zaidi, dozi ikiwa kubwa hivyo dawa haiishii kwenye mishipa. Hufika kwenye msuli wa moyo wenyewe na kuudhoofisha wakati ule ule unapohitajika.

Akamwekea dripu, si ya kasi, maana mapafu yanaweza kujaa maji. Kisha kalisiamu kwa sindano ya mshipa. Sijawahi kuona mkono wenye subira kama ule: anasukuma kidogo, anasikiliza moyo kwa stetoskopu, anangoja, anasukuma tena, kwa kuwa kalisiamu ikiingia haraka huvuruga mapigo. Sote tulinyamaza, hata shemeji.

Alfajiri Simba aliinua kichwa. Hakuruhusiwa kurudi nyumbani, kwani kwa mbwa nusu ya dawa hii huchukua kama saa 30 kutoka mwilini. Mama mkwe aliapa kwamba vidonge vile ni sumu, hatavigusa tena. Daktari akamweleza kwamba paka wazee wenye presha, wengi wao wa figo mbovu, hupewa hivyo hivyo, kiasi cha moja ya nane ya kidonge cha miligramu 5, ili presha isiwapofushe.

Kisha akamtazama. "Na wewe mama, cha jana usiku ulimeza?"

Hakuwa amemeza, vyote viliishia tumboni mwa Simba. Shemeji alitoka bila kutumwa kutafuta duka la dawa lililofunguliwa, na daktari akavuta kiti, akafunga kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa mama mkwe.